Uzi: Nimekata manifoldi ya inteki (mabomba ya kuingiza hewa) ya injini ya Toyota 4A-GE mara mbili ili ivute juu, ya kwanza ilinipa hasara, ya pili ndo hii

Wakuu habari za jumapili. Huu uzi niliahidi kitambo nikawa naahirisha sababu nilitaka nimalize kazi kwanza ndo niongee. Nimechoka kusoma watu wanaandika "kata mabomba yawe mafupi gari itapaa" afu hakuna anayesema ubakishe urefu gani, kwa kamshafti gani (ile shafti inayofungua valvu), na injini inaishia rpm ngapi, yaani mizunguko kwa dakika. Mimi nilifuata hayo maneno matupu nikapoteza pistoni moja na karibu miezi miwili ya kulala na gari juu ya mawe.

Gari ni Corolla DX, KE70, niko nayo Arusha. Injini ni 4A-GE ya valvu 16 ile ya mwanzo yenye bandari kubwa (matundu ya kupitisha hewa) kwenye silinda hedi na ule mfumo wa T-VIS. Kwa wasioijua, kila silinda ina mabomba mawili ya hewa, kwahiyo jumla manane, na bomba moja katika kila mawili lina kipepeo. Chini ya kama rpm 4350 kontrol boksi (kompyuta ya injini) inafunga vipepeo, hewa yote inapita bomba moja kwa kasi, gari inakuwa na nguvu ya kuondokea. Ukipita hapo vinafunguka. Toyota waliweka hivyo kwa sababu bandari zenyewe ni kubwa mno kwa injini ya cc 1587, ukiziacha wazi kwenye rpm ndogo hewa inatembea kama mzee anatoka msikitini, petroli haichanganyiki vizuri na gari inakuwa legelege.

Mimi nilitaka kitu kimoja tu. Gari inachanganya vizuri mpaka 6000 hivi halafu inachoka, wakati injini yenyewe inazunguka mpaka 7600. Hizo raundi 1600 za mwisho zilikuwa kelele tupu.

Sasa kabla sijasema nilichofanya nieleze kwanini urefu wa bomba una maana, sababu wengi wanadhani fupi ni bora kwa vile hewa inasafiri njia fupi, na sio hivyo kabisa. Nyumbani ukifunga koki ya maji ghafla unasikia bomba linagonga ukutani, kule kugonga ni maji yaliyokuwa yanakimbia yanasukuma na wimbi linakwenda na kurudi ndani ya bomba. Hewa kwenye manifoldi inafanya vilevile. Pistoni ikishuka inavuta, ule mvuto unapanda bomba kama wimbi mpaka kwenye plenamu (lile boksi linalogawia mabomba hewa), ukifika mdomoni unageuka unarudi ukiwa msukumo. Msukumo ukiikuta valvu bado iko wazi, pistoni imeshafika chini inaanza kupanda, unashindilia hewa ya ziada ndani bure bila turbo wala nini. Ukichelewa unakuta mlango umefungwa, ukiwahi sana umekwenda bure. Kwenye rpm 3000 pistoni inatumia milisekunde 10 kushuka, kwenye 7000 ni 4.3 tu, kwahiyo rpm ikipanda wimbi lazima liwe na safari fupi. Hiyo ndo sababu ya kukata, ni kuwahisha wimbi.

Hesabu ninayotumia ni ya kizamani ya Wamarekani, gawanya 2,134,000 kwa rpm unapata urefu kwa milimita, kuanzia kwenye valvu yenyewe (sio kwenye flenji, lile bamba la manifoldi linalofungwa kwenye hedi, hapa wengi wanakosea) mpaka mdomo wa bomba ndani ya plenamu. Mfano mzuri ni Chrysler 300F ya 1960. Ilikuwa na mabomba ya inchi 30, yaani mm 762, na torki (nguvu ya kuzungusha) yake ya juu kabisa Nm 671 ilikuwa kwenye rpm 2800. Gawanya uone, inakaa palepale. Kisha kulikuwa na toleo la farasi 400 badala ya 375, kwa nje manifoldi inafanana ila ndani ukuta umetolewa, urefu unaofanya kazi ukabaki inchi 15. Kwa hesabu hilo lingependa rpm 5600. Lakini torki ilifika kileleni 3600, ikashuka kuwa Nm 630, na nguvu ikaishia 5200. Yaani bomba lilikuwa linaita juu ila injini iliyobaki, kamshafti, valvu, silinda kubwa zile, haikuweza kufika huko. Laiti ningeitazama hiyo mifano miwili kwa makini kabla sijashika grainda!

Maana nilichofanya mimi ni hiki. Nilikata nikabakiza jumla mm 255. Gawanya, ni karibu rpm 8370. Injini yangu haifiki huko! Kamshafti zilikuwa za kiwandani, nyuzi 240 (sehemu ya mzunguko wa injini ambayo valvu inakaa wazi), zinafunga valvu mapema kwa hiyo juu ya 7000 hazina cha kutoa. Nikatoa na T-VIS yote. Matokeo, kutoka 3000 mpaka 5000 gia ya tatu gari ikawa nzito kuliko Corolla ya kawaida, kupanda kutoka Usa River kurudi mjini nabadilisha gia kama niko na lori, na huko juu nilikokuwa nataka hakuna kilichoongezeka cha kusikia mgongoni. Nilihamisha nguvu kutoka mahali ninapotumia kila siku kupeleka mahali ambapo injini haifiki.

Hiyo ni hasara ya kwanza. Ya pili ni gereji niliyopeleka kuchomelea. Flenji ya aluminiamu ilichomelewa kwa agoni ikiwa imelala tu mezani, haijafungwa kwenye kitu chochote. Aluminiamu ikipoa inajivuta, flenji ikapinda upande wa silinda ya 4. Mimi nikafunga na gasketi mpya na silikoni, kwa macho iko sawa. Silinda ya 4 ikawa inaingiza hewa ya pembeni, petroli inapata ileile, mchanganyiko ukawa hewa nyingi mafuta machache. Sailensa (raundi za gari ikiwa imesimama) ilikuwa inapandapanda nikadhani ni sensa. Siku naikimbiza barabara ya Kisongo nikasikia inanoki (kugongagonga ndani ya silinda), nikadhani petroli mbaya. Nilipofungua plagi, tatu rangi ya kahawia nzuri, ya nne nyeupe kama chaki na ncha imeanza kuyeyuka. Pistoni ilikuwa imevunjika mfereji wa ringi.

Ya pili nimefanya tofauti, nitaeleza kwenye bandiko linalofuata nikila kwanza.

---

Mdau wa Tanga:
Mkuu asante kwa kuweka wazi mpaka ya pistoni, wengi wanaficha. Swali, wewe uko juu huko Arusha, mimi niko usawa wa bahari. Hizo mm zako zitanifaa mimi? Au kule hewa nyepesi inabadilisha hesabu?

Mleta uzi:
Swali zuri sana kaka. Urefu haubadiliki kwa ajili ya kimo. Wimbi linakwenda kwa kasi ya sauti, na kasi ya sauti inafuata joto la hewa, sio uzito wake. Kwenye nyuzi 20 ni kama mita 343 kwa sekunde, kwenye nyuzi 50 ni kama 360. Kwahiyo Tanga mchana boneti ikiwa imechemka wimbi lako litawahi kidogo na kilele kitasogea juu asilimia chache, haifiki kiasi cha kukufanya ukate bomba upya. Kinachopungua huku kwetu ni kiasi cha hewa yenyewe, presha ya Arusha ni kama kPa 86 wakati kwako ni 101, kwahiyo injini ileile kwako itakuwa na nguvu zaidi bila kugusa kitu. Hili pia ni la kukumbuka ukipima, maana kuna jamaa alikuja na geji inasoma 86 kwenye plenamu akaniambia throtobodi (mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta) inabana, nikamwambia huo ndo upepo wetu wenyewe.

---

Mleta uzi:
Haya, ya pili.

Kabla ya kukata nilipima kwanza nini kinabana. Toboa tundu dogo kwenye plenamu (au tumia mrija wa vakumu uliopo), unganisha geji, kanyaga mpaka chini gia ya tatu, mwenzako asome ukiwa 6500 na kuendelea. Kama presha ndani ya plenamu inashuka chini ya upepo wa nje maana yake kinachobana kiko kabla, filta, mpira wa hewa, throtobodi, au ile mita ya hewa ya kizamani yenye mlango wa springi, na hata ukate manifoldi vipande kumi hutapata kitu. Kama presha inabaki karibu sawa na ya nje basi tatizo liko mbele, mabomba, bandari, kamshafti, ekzosti. Kwangu ilikuwa inashuka! Ule mlango wa mita ya hewa ulikuwa unabana wazi kabisa. Nimetoa nikaweka kontrol boksi ya kuprogramu inayosoma presha ya plenamu, na hiyo peke yake, kabla ya manifoldi mpya, gari ikaanza kupumua juu ya 6000. Nimekaa siku mbili najiuliza kwanini sikuanza na geji ya elfu chache.

Kisha kamshafti. Nimeweka za nyuzi 264, sasa injini ina sababu ya kufika 7500. Hapo ndo nikarudi kwenye hesabu nikachagua mm 300, kilele kwenye 7100 hivi. Kwanini sikuchagua 7500 moja kwa moja, ni kwa sababu ukibadilisha gia kwenye 7500 raundi zinaangukia huko 5000 na kitu, unataka msukumo uwepo tangu hapo mpaka unapobadilisha tena, ukiweka kilele mwisho kabisa nusu ya kila gia unasubiri.

Flenji nilifunga bolti zote kwenye silinda hedi ya zamani iliyokufa, nikachomelea ikiwa imefungwa hivyohivyo, vipande vifupi vifupi nikihama upande mmoja kwenda mwingine, nikaacha ipoe humohumo mpaka kesho yake. Bado nikaweka rula ya chuma na fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi) nikakuta pembeni imeinuka kidogo, ikapelekwa kwa mkereza akaisawazisha. Msiruke hii hatua, nasema kwa uchungu.

Plenamu nimetengeneza ya lita 1.8 hivi, kubwa kidogo kuliko injini. Ndogo sana silinda zinanyang'anyana hewa, kubwa mno ukikanyaga throtoli gari inachelewa kuitika. Na mdomo wa kila bomba ndani ya plenamu nimeutanua kama mdomo wa tarumbeta, mviringo, sio bomba lililokatwa na grainda likaachwa na ukingo mkali. Hewa haipendi kona, kwenye ukingo mkali inajibana yenyewe na bomba la mm 40 linafanya kazi kama la mm 35. Ukuta wa plenamu uwe mbali na huo mdomo angalau kipenyo kimoja cha bomba.

Bandari sikuzitanua hata kidogo. Nimelinganisha tu gasketi, manifoldi na hedi zikutane bila ngazi, yaani kidole kikipita kisikwame. Ndani nimeacha alama za msasa, sijang'arisha kama kioo, haina faida na unakula muda.

---

Mdau wa Dar:
Mimi hapo kwenye bandari sikubaliani mkuu. Tundu kubwa hewa nyingi, hiyo haina mjadala. Mafundi wote wa mbio wanatanua.

Mleta uzi:
Mkuu Toyota wenyewe wamekujibu kwenye injini hiihii. 4A-GE ya Corolla Levin ya 1987 yenye bandari kubwa na T-VIS ilitoa PS 120 (farasi) kwenye rpm 6600. Mwaka 1989 wakapunguza ukubwa wa bandari, wakatupa T-VIS yote, kompresheni ikapanda mpaka 10.3, wakatoa na ile mita ya mlango wakaweka sensa ya presha. Ikawa PS 140 kwenye rpm 7200. Bandari ndogo, nguvu zaidi, na iko juu zaidi! Sisemi ni bandari peke yake iliyoleta hizo 20, kompresheni na sensa zina sehemu yake. Lakini kama tundu kubwa ndo kila kitu wasingelipunguza. Hewa ikikimbia ina uzito wake, pistoni ikianza kupanda ile hewa bado inaingia kwa ule mwendo, ukitanua bomba unaua mwendo. Wa mbio wanatanua kwa sababu wana kamshafti za nyuzi 300 na wanaishi juu ya 8000 muda wote. Gari ya kwenda sokoni jumamosi haiishi huko.

Mdau wa Dar:
Hapo kwenye 1989 umenishika, ntaenda kuitazama hedi yangu vizuri kabla sijampa fundi aitanue.

---

Mdau wa Mombasa:
Ndugu yangu niko na Corolla BZ Touring, ile 4A-GE ya valvu 20 kifuniko cheusi. Mafundi huku waniambia nitoe kile kiboksi cha hewa niache zile throtoli nne wazi na tarumbeta fupi, ati ndio sauti na ndio nguvu. Wasemaje?

Mleta uzi:
Ndugu yangu hiyo injini niionee wivu tu. Hapo Toyota walishakufanyia kazi yote, throtoli nne za mm 45, toleo lililotangulia zilikuwa 42, kompresheni 11, PS 165 kwenye 7800. Sauti utaipata kweli, nywele zitasimama. Lakini ukiacha wazi injini itakunywa hewa ya ndani ya boneti, na joto la Mombasa unalijua. Hewa ikipanda nyuzi 10 unapoteza kama asilimia 3 ya uzito wake, boneti ikiwa imechemka unaweza kupoteza zaidi ya ulichotafuta. Pia vumbi, ukipita barabara ya murram wiki moja tu utasikia. Ushauri wangu acha kiboksi, ila uvute mpira mnene wa hewa ya nje toka mbele kwenye grili. Ukitaka kucheza na tarumbeta cheza na urefu wake humohumo ndani ya kiboksi, na usiguse mirija ya vakumu inayotoka kwenye throtoli zote nne kwenda kwenye sensa ya presha, ikivuja mmoja gari itamisi sailensa na utamtafuta mchawi.

Mdau wa Mombasa:
Shukran sana. Nilikuwa naenda kesho kuitoa. Ngoja nitafute mpira kwanza.

---

Mdau wa Dodoma:
Na sisi wa IST je, 1NZ. Naweza kufanya hivi?

Mleta uzi:
Kuweza unaweza, ila nakuomba usifanye. 1NZ-FE ina nguvu yake ya juu PS 109 kwenye 6000, kamshafti zake ni za gari ya familia na manifoldi ni ya plastiki, ndani ni laini na haichemki haraka kama aluminiamu. Yale mabomba yake marefu ndo yanakufanya upite lori bila kushusha gia. Ukikata utapata gari ya 1500 inayotembea kama 1300. Na tafadhali usinunue zile feni za bati za kuweka kwenye mpira wa hewa, wanasema zinazungusha hewa, zinaziba njia tu. Safisha throtobodi, weka filta mpya, plagi sahihi, uangalie mirija ya vakumu haijapasuka. Hela iliyobaki weka breki.

Mdau wa Dodoma:
Feni nilishaiweka mkuu. Ntaitoa leo.

---

Mdau wa Tanga:
Matokeo ya mwisho basi mkuu, umetuacha njiani. Na je zipo njia za kupata vyote, chini na juu?

Mleta uzi:
Zipo, ila za pesa. Honda kwenye injini ya B18C ya Integra GS-R waliweka mabomba marefu na mafupi, vipepeo vinafunguka kama rpm 5750. Type R wakaitupa hiyo wakaweka manifoldi moja ya mabomba mafupi manene sababu gari yenyewe inaishi juu. Mazda 787B iliyoshinda Le Mans 1991 ilikuwa na mabomba yanayorefuka na kufupika yenyewe gari ikiwa inakwenda, hiyo kwangu ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kuisoma kwenye habari ya inteki.

Matokeo yangu. Napima barabara moja, asubuhi kabla ya jua, gia ya tatu, kwenda na kurudi, halafu nachukua wastani, maana upepo na mteremko vinadanganya. Kutoka 3000 mpaka 5000 bado iko nyuma kidogo ya ilivyokuwa ya kiwandani na T-VIS, siwezi kuficha. Kutoka 5000 mpaka 7400 imepungua zaidi ya sekunde nzima, na haichoki tena, sindano inapanda kwa mwendo uleule mpaka ninapobadilisha. Plagi zote nne rangi moja. Nimezitoa jana usiku nikazipanga juu ya taulo nikaziangalia kwa tochi kwa muda mrefu.

Mwenye hedi iliyokufa ya 4A-GE asiuze chuma chakavu, ndo jigi ya kuchomelea. Yangu iko tu gereji, aliye Arusha au Moshi anayetaka kuchomelea flenji aje aifunge humo, simtozi. Ila aje na fila geji yake, ya kwangu imeazimwa haijarudi.

Mdau wa Tanga:
Ntakuja na basi la usiku ijumaa, flenji ninayo. Na fila geji ninayo.